Darubini ya mchango: mzee ana hoja, vijana nao wana hoja

Vijana wapatao kumi wa hapa kwetu Ngamiani, Tanga, wanachangishana wanunue darubini kubwa ya kutazamia nyota. Fedha wanazotafuta zinatosha kununua pikipiki iliyotumika, na kwa mtaa wetu hizo si fedha za kuchezea. Habari ilipofika barazani, kwenye kahawa, mzee mmoja ninayemheshimu sana aliwaambia bila kuzunguka: "Wanangu, hapo shuleni watoto wanabanana wanne dawati moja. Nyinyi mnachangia nyota?" Vijana wakajibu, "Ni kweli, mzee," wakanyamaza. Mchango unaendelea.

Mimi ni mpenzi wa anga tangu utotoni, kwa hiyo siwezi kujidai sina upande. Lakini swali la mzee limenikaa moyoni wiki nzima, na nikilipima naona lina nguvu kuliko vijana wanavyodhani. Wala si kwa sababu ya madawati peke yake.

Niliwahi kuona darubini nzuri iliyoletwa na ndugu yake mtu kutoka ng'ambo. Ilitazamiwa siku chache, ikarudishwa kabatini, ikapitiwa na masika mawili. Siku ilipotolewa, kioo chake cha mbele kilikuwa na utando mweupe uliojichora kama mizizi ya mche mchanga. Ulikuwa ukungu, jamaa yake ule unaokula mikanda na viatu vya ngozi. Ukungu wa kwenye kioo hutoa asidi, na asidi ikishachimba, hakuna kitambaa wala dawa ya kurudisha kioo kilivyokuwa. Pwani yetu ina unyevu mwaka mzima, na chumvi juu yake. Ongeza mawingu ya masika kuanzia Machi hadi Mei, na ya vuli kuanzia Oktoba, utaona kwamba chombo hiki kitalala siku nyingi kuliko kitakavyofanya kazi. Mwenye kuchangia fedha yake ana haki ya kuambiwa hayo mapema.

Tena kuna maboksi yanayoandikwa "inakuza mara 525". Huo ni uongo wa kibiashara. Kinachoamua ni upana wa kioo: kila milimita moja hubeba ukuzaji wa mara mbili hivi, basi. Kioo cha milimita 60 kikomo chake ni mara 120, na hapo ni usiku hewa ikiwa imetulia kabisa. Ukizidisha, unapata doa kubwa lililofifia badala ya sayari ya Zohali na pete zake. Vijana wengi duniani wameacha kupenda anga kwa sababu ya boksi la namna hiyo, na sitaki wetu wawe miongoni mwao.

Mpaka hapo niko na mzee. Tatizo ni neno lake la pili, alilolisema akiwa anainuka kwenda msikitini: kwamba mambo ya anga ni ya Wazungu wenye fedha za kutupa. Hapo ndipo tunapoachana.

Wazee wa pwani hii walihesabu mwaka wa jua kwa miongo, siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wao, ili wajue lini pepo zinageuka na lini shamba lipandwe. Nyota zile sita au saba zilizosongamana tunaziita Kilimia, na jina lenyewe limetokana na kulima. Msemo wao unajulikana: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Litazame hilo kwa makini. Mwezi wa Mei, katikati ya masika, Kilimia hupotea magharibi pamoja na jua. Juni kinachungulia alfajiri upande wa bahari, na mvua kubwa zimekwisha. Aliyetunga maneno hayo alikuwa ametazama miaka mingi na kukumbuka alichoona, na hiyo ndiyo kazi ya mnajimu popote alipo.

Hata safari za anga za karne iliyopita zilipita mlangoni kwetu. Ng'ambo ya bahari hii, Tunguu, Unguja, Wamarekani walijenga kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wao wa kupeleka watu angani. Mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa mojawapo ya vituo alivyowasiliana navyo. Kituo kilipingwa tangu mwanzo na wanasiasa waliohofia kwamba kingewaingiza katika vita vya wakubwa, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kikang'olewa. Hofu ile siidharau. Watu waliletewa mitambo ambayo hawakushirikishwa elimu yake, wakaihukumu kwa kile walichokiona kutoka nje ya uzio.

Upande wa kaskazini, katika ghuba ya Ungwana karibu na Malindi, Waitaliano walikuwa na jukwaa la kurushia roketi baharini, San Marco. Walipachagua kwa sababu karibu na ikweta dunia yenyewe inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki inaipata kasi hiyo bure. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, iliruka hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kutazama eksirei kutoka angani. Ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei, na kiongozi wa kazi ile, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jina ni letu na bahari ni yetu, lakini ni wangapi pwani hii waliofundishwa ile setilaiti iliona nini? Naumia kila ninapolifikiria hilo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hata mzee wangu hawezi kuliita anasa: mwezi muandamo.

Kila Ramadhani ikikaribia, Tanga inagawanyika kidogo. Wapo wanaotosheka na mwezi ulioonekana popote duniani, wapo wanaosubiri uonekane hapa kwetu. Hukumu ya hilo ni ya wenye elimu ya dini, mimi sina fimbo ya kuingilia. Ila kuna sehemu ya suala hili ambayo ni ya anga tupu. Kwetu bahari iko mashariki. Mwezi mchanga unatokea magharibi, juu ya nchi kavu, upande wa milima ya Usambara na mawingu yake, na siku ya kwanza mara nyingi huzama kabla saa moja haijapita tangu jua kuchwa. Watu wanakwenda kusimama ufukweni Raskazone kwa mazoea, kisha wanautafuta mwezi nyuma ya minazi na mapaa ya nyumba! Kijana mwenye kujua anga angewapeleka mahali palipoinuka, penye upeo wazi wa magharibi, na kuwaonyesha kwa kidole: jua limezamia pale, mwezi uko vidole vitatu juu yake na kimoja kushoto, umelala kama dau.

Ipo hofu kwamba hesabu itachukua nafasi ya jicho. Naielewa, kwa sababu Mtume alisema fungeni kwa kuuona na fungueni kwa kuuona. Lakini hesabu inaweza kumtumikia shahidi bila kumwondoa. Mwezi ukiwa umeachana na jua kwa chini ya nyuzi saba hivi, ukingo wake unaong'aa huwa mwembamba kiasi kwamba jicho halina cha kushika. Mmarekani Stephen O'Meara, mtazamaji hodari kupindukia, mwaka 1990 aliuona kwa macho matupu ukiwa na umri wa saa 15 na dakika 32 tangu ulipopitana na jua, na watu wanaitaja siku ile mpaka leo. Akija mtu na kusema ameuona mwezi wenye umri wa saa sita tu, hatuna haja ya kumwita mwongo. Huenda aliona kipande cha wingu kilichoshika mwanga wa mwisho. Ila mwenye kupokea ushahidi anahitaji mtu wa kumwambia hivyo kwa heshima, na mtu huyo hatoki hewani. Ni kijana aliyetoka jioni nyingi, akakosea, akajifunza.

Basi nasimama wapi? Nasimama na vijana kuhusu nyota, na nasimama na mzee kuhusu chombo. Wanachokitaka kinafaa, walichopanga kununua ndicho kisichofaa kuanzia. Mchungaji Robert Evans wa Australia alivumbua nyota zilizolipuka zaidi ya 40 kwa kutazama kwa jicho lake kupitia darubini, na siri yake ilikuwa kumbukumbu: alizijua galaksi nyingi, yaani yale makundi makubwa mno ya nyota yaliyo mbali, kwa sura, kama mtu anavyojua nyuso za majirani, akiona nukta ngeni anaishtukia. Kumbukumbu ya namna hiyo haiuzwi dukani.

Ningewashauri wanunue darubini mbili za kushika mkononi, za macho mawili, zile zilizoandikwa 10x50, yaani zinakuza mara kumi na kioo chake kina upana wa milimita 50. Miezi minne inayoizunguka sayari ya Mshtarii, ile aliyoiona Galileo Januari 1610, inaonekana humo ukiegemeza viwiko ukutani. Ziwekwe kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Na daftari moja la pamoja, tarehe na saa na nani aliona nini. Fedha itakayobaki, wampelekee mwalimu mkuu. Mzee ataliona hilo.

Juni, saa mbili usiku, wasimame ufukweni Mwambani mbali na taa. Wakitazama kusini wataona Msalaba wa Kusini, wakigeuka kaskazini wataona nyota saba za Dubu Mkubwa, zote kwa usiku mmoja. Uingereza yote, pamoja na darubini zake, hakuna mahali unapoonekana Msalaba ule.

Na tarehe 2 Agosti 2027, siku ya Jumatatu, jua litapatwa. Giza kamili litapita mbali nasi, juu ya Misri, Saudia, Yemen na ncha ya Somalia, lakini hapa Tanga mchana ule jua litamegwa sehemu, na watoto watalitazama kwa macho matupu wasipokatazwa. Miwani halali ya kutazamia jua, yenye alama ya ISO 12312-2, haikai katika maduka yetu, hivyo lazima iagizwe mapema. Vijana wakienda shuleni na miwani hiyo, hata kama ni moja kwa kila dawati la watoto wanne, nitachangia mimi wa kwanza.