Nawaambia, Sivyo

Miaka kadhaa iliyopita niliandika sentensi moja chini ya habari ya ajali, na hadi leo sijaisahau. Basi lilikuwa limepinduka usiku na watu wamekufa. Habari ilisema baadhi ya abiria walikuwa wakitoka kwenye sherehe. Nilikuwa nimetoka kusali, Biblia bado iko wazi mezani, nikaandika: "Mungu hadhihakiwi. Apandacho mtu ndicho atakachovuna." Watu wengi waliipenda. Wengine wakaitikia amina.

Siku tatu baadaye nikapata taarifa kwamba mke wa mtu ninayemfahamu alikuwa ndani ya basi lile. Hakuwa ametoka kwenye sherehe yoyote. Alikuwa anarudi kumwuguza mama yake. Na hata kama angekuwa ametoka kwenye sherehe, je? Swali hilo sikujiuliza wakati naandika.

Nikaenda msibani. Mume wake nilimkuta amekaa peke yake pembeni, simu mkononi, kioo kimepasuka kwenye kona. Alikuwa anasoma maoni ya watu. Anapandisha kwa kidole gumba, anasoma, anapandisha tena. Nilipokaa akanigeuzia simu bila kusema neno, nami nikasoma. Hayakuwa maneno yangu, yalikuwa ya mtu mwingine, lakini yalisema kitu kilekile. Akaniuliza, "Ndugu yangu, wewe unasali. Hivi mke wangu alimkosea nini Mungu?" Sikuwa na jibu. Nilijua tu kwamba akiendelea kupandisha atafika kwenye jina langu.

Tangu siku ile sura ya 13 ya Injili ya Luka imekuwa ndipo ninaporudi kila habari mbaya inapoingia. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi, lakini mistari mitano ya mwanzo nilikuwa naipita haraka ili niufikie mfano wa mtini. Kumbe mistari hiyo ni taarifa ya habari. Watu wanamletea Yesu tukio la siku: Pilato ameua Wagalilaya, na damu yao imechanganyika na dhabihu walizokuwa wakitoa. Yesu naye anaongeza tukio la pili, ambalo bila shaka Yerusalemu nzima ilikuwa ikilizungumza: mnara wa Siloamu umeanguka na kuua watu 18. La kwanza ni ukatili wa mtawala. La pili ni jengo lililoporomoka. Ukisikiliza habari za wiki yoyote ile, vifo vingi utakavyotangaziwa vina sura ya moja kati ya hayo mawili.

Waliomjia hawakuuliza waziwazi, lakini Yesu alilijua swali lililokuwa vifuani mwao: hawa walifanya nini? Akalitoa nje yeye mwenyewe. Mwadhani walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu? Kisha akajibu, na akarudia jibu lilelile kwa tukio la pili: "Nawaambia, Sivyo." Huyu ndiye ambaye Yohana anasema aliyajua yaliyomo ndani ya mwanadamu. Angeweza kumtaja kila mmoja wa wale 18 kwa jina na kwa dhambi zake. Hakufanya hivyo, mlango ule akaufunga. Kama yeye aliufunga, mimi ufunguo niliutoa wapi?

Nadhani tunafanya hivi kwa sababu ya hofu kuliko ukatili. Nikishapata kosa la marehemu nimepata na uzio wangu. Yeye alisafiri usiku, mimi sisafiri usiku. Yeye hakuwa mtu wa maombi, mimi ninaomba. Basi yaliyompata hayatanipata. Ni imani ya aina fulani, lakini si imani kwa Mungu. Ni kuamini kwamba ulimwengu una mizani ninayoweza kuisoma, na kwamba mimi nimekaa upande ulio salama.

Kuna kisa katika Matendo ya Mitume sura ya 28 kinachoonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yangu. Paulo ameokoka kwenye merikebu iliyovunjika, yuko kisiwani Melita, anaokota kuni kwa ajili ya moto. Nyoka anatoka kwa sababu ya joto na kujizongazonga mkononi mwake. Wenyeji wanasema mara moja: huyu lazima ni mwuaji, ameokoka baharini lakini haki haikumwacha aishi. Wanasubiri avimbe au aanguke afe. Wakiona hapati dhara, wanabadilisha kauli na kusema ni mungu. Mtu ni yuleyule, nyoka ni yuleyule, na hukumu zote mbili si kweli. Wamesoma tukio na kudhani wamemsoma mtu.

Hukumu ya pili ndiyo tunayoisahau sisi wa kanisani. Nimesikia shuhuda nyingi za mtu aliyeshuka kwenye gari dakika chache kabla ya ajali, au aliyepona ugonjwa uliowaua wenzake wodini. Kushukuru ni haki na ni wajibu. Ninapokwazika ni pale shukrani inapogeuka kuwa maelezo: "Mungu anawatunza walio wake." Yule aliyebaki kwenye gari hakuwa wake? Katika kusanyiko hilohilo yumo mjane anayesikia, ameinamisha kichwa, anaitikia amina kwa sababu kila mtu anaitikia. Mwenye ushuhuda aseme "nimepona, namshukuru Mungu," akomee hapo. Linatosha kabisa.

Tungepaswa kuwa wa mwisho kucheza mchezo huu, maana ulianza kwa kuchezwa juu yetu. Tertulliano wa Kartago, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini, aliandika mwishoni mwa karne ya 2 kwamba mto Tiber ukifurika, au Nile usipofurika, au nchi ikitetemeka, au njaa ikija, kilio kilikuwa kimoja: Wakristo watupwe kwa simba. Rumi ilipotekwa na Wagothi mwaka 410, watu wakasema tena kwamba miungu imekasirika kwa sababu ya Wakristo, na Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, akatumia miaka mingi kuwajibu. Halafu fimbo ikahamia mikononi mwetu. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Siku ya Watakatifu Wote, tetemeko liliiangusha Lisbon, mji mkuu wa Ureno, watu wengi wakiwa makanisani. Yakafuata mawimbi ya bahari, kisha moto. Padri mmoja mashuhuri, Gabriel Malagrida, alihubiri kwamba ni adhabu kwa dhambi za mji, na mahali pengine Waprotestanti wakahubiri kwamba ni adhabu kwa Ukatoliki wake. Kila mmoja alilipata tetemeko likikubaliana naye. Janga la korona lilipokuja mwaka 2020 nilisikia mahubiri ya namna hiyohiyo, na kila mhubiri alikuwa na orodha ya wakosaji ambayo alikuwa nayo hata kabla ya ugonjwa.

Mtu ataniuliza: kwani Mungu hahukumu? Anahukumu, na siondoi hata mstari mmoja. Lakini manabii walikuwa wametumwa, na walionya mapema, wakati watu bado wanaweza kugeuka. Yona aliingia Ninawi siku 40 kabla, si siku ya mazishi. Yeremia alipoiona hukumu aliyoitangaza ikija, alilia hata akatamani macho yake yawe chemchemi ya machozi. Mimi nilipoandika ile sentensi yangu sikuwa nimetumwa na mtu, wala sikulia. Nilikuwa nahesabu waliopenda.

Kuna madhara mengine ya tabia hii ambayo hayazungumzwi sana. Tukisema ni adhabu ya Mungu, au hata tukisema kwa upole kwamba ni mapenzi yake, mara nyingi tunamfichia mtu kosa. Mnara haukujijenga. Tarehe 6 Februari 2023 tetemeko lilipopiga Uturuki na Siria, zaidi ya watu 50,000 walikufa, na huko Uturuki wakandarasi wakakamatwa kwa sababu majengo yao hayakufuata kanuni za ujenzi. Nchi ilitikisika, hilo ni kweli. Lakini kuna majengo yaliyobaki yamesimama na mengine yaliyolaliana kama mikeka, na kati ya haya mawili kuna saini ya mtu.

Tunapenda kusema ajali haina kinga. Torati inasema zipo zenye kinga. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari lake, maana mtu akianguka kutoka juu, damu itakuwa juu ya nyumba ile. Mstari ule naupenda sana. Hausemi aliyeanguka achunguzwe alitenda dhambi gani. Unamwuliza mwenye nyumba: ukingo uko wapi? Breki zilikaguliwa lini, na nani aliyemwacha dereva aendeshe bila kulala? Hayo nayo ni maswali ya mtu wa Mungu, na kuyauliza ni kumpenda jirani ambaye bado hajapanda basi.

Sasa lile lingine alilolisema Yesu, ambalo nisingependa kulikimbia. Baada ya "Sivyo" alisema: "lakini msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo." Neno la toba limo katika habari ile, ila limewageukia walioileta. Walikuja wakiwatazama waliokufa, akawataka wajitazame wao. Na papo hapo akawaambia mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu bila kupata tunda, anataka ukatwe. Mtunza shamba anamwomba: uache mwaka huu nao, niupalilie, niutilie samadi. Nilipoisoma sura nzima kwa mfululizo, tofauti na nilivyozoea, ndipo nikaelewa kwamba mtini ule si wale 18. Mtini ni aliyebaki hai anasikiliza habari. Niko kwenye mwaka wa nyongeza. Nimeachwa nizae, nami niliutumia mwaka huo kuandika juu ya miti iliyokwisha kuanguka.

Siku hizi habari ya msiba ikiingia ninaiweka simu kifudifudi kwanza. Rafiki watatu wa Ayubu wanakumbukwa kwa hotuba zao, ambazo Mungu mwenyewe alisema hazikuwa sawa, lakini kabla ya hotuba walifanya jambo moja jema: walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kumwambia neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Ninaomba kwa ajili ya walioachwa, na kama kuna ninayemfahamu aliye karibu na tukio ninampigia. Mara nyingi sina la kusema. Ninamwuliza yuko na nani.

Sentensi yangu niliifuta usiku uleule niliporudi kutoka msibani. Kumwambia yule ndugu kulinichukua miezi minne. Nilikwenda kwake jioni moja nikiwa nimejiandalia maneno mengi, na yote yakanipotea mlangoni. Nikamwambia tu kwamba mimi pia niliandika.

"Najua," akasema. "Niliisoma kabla hujaja."

Akanyamaza kwa muda mrefu. Nilidhani ataniomba niondoke, nikasimama. Akanionyesha kiti kwa mkono, nikakaa tena, na tukakaa hivyo mpaka giza likaingia, hakuna aliyewasha taa.