Mama Alisema Zambarau

Juma lililopita nilihudhuria jioni ya kuonja mvinyo wa Kiitalia katika hoteli moja ya Dar es Salaam, nikarudi nyumbani na hasira ambayo hadi leo haijanitoka. Ilipofika zamu ya Lambrusco, yule mvinyo mwekundu wenye povu wa eneo la Emilia, kaskazini mwa Italia, mama mmoja wa makamo aliyeketi meza ya mbele alionja, akafikiri kidogo, akasema, "Mwanangu, hii ni zambarau kabisa." Kijana aliyekuwa akituongoza alitabasamu kwa huruma ile wanayopewa wagonjwa, akamjibu, "Hapana, mama, hiyo ni cheri nyeusi." Watu wakacheka. Nami, kwa aibu yangu, sikufungua kinywa.

Sasa nakifungua.

Tulichomiminiwa kilikuwa Grasparossa di Castelvetro, ambao katika jamii za Lambrusco ni miongoni mwa iliyo myeusi na mizito zaidi. Ukiumimina, povu lenyewe huwa na rangi ambayo Kiswahili kinaiita kwa jina la tunda hilohilo. Ukiumeza, huja utamu mdogo, kisha uchachu, na mwishoni ukakasi unaoshika ulimi na fizi. Niambieni basi, ninyi mliopanda mizambarau mkiwa na sare za shule, mkarudi nyumbani na ndimi zilizowasaliti mbele ya wazazi kabla hamjaulizwa lolote, ni tunda gani hilo kama si zambarau? Hata huo ukakasi kijana wetu aliutafutia neno kwa muda mrefu, akaishia kusema "tanini", na ukumbi mzima ukaitikia kwa vichwa kana kwamba umeelewa. Mtu yeyote aliyewahi kuuma bibo au ndizi mbichi alikwisha kuufanya mtihani huo na kufaulu.

Wala Waitalia hawakuiokota cheri hewani. Castelvetro ni mji mdogo kusini mwa Modena, na jirani yake ni Vignola, mji unaosifika Italia nzima kwa cheri zake. Mkulima wa huko anaponusa glasi yake na kusema cheri, anataja tunda alilolila utotoni chini ya mti wa jirani, kwa mikono michafu, kama sisi na zambarau zetu. Yeye anakumbuka utoto wake, na sisi tunatakiwa tuukariri. Tena nina shaka kama nusu ya waliomcheka mama yule wamewahi kuonja cheri yoyote isipokuwa ile ya kopo inayowekwa juu ya keki, ambayo ni sukari iliyotiwa rangi.

Nakubali, bila furaha, kwamba biashara inahitaji msamiati wa pamoja, na kwamba mwagizaji wa Mombasa akimwandikia muuzaji wa Modena habari za zambarau hataeleweka. Nakubali pia kwamba Lambrusco mtamu na rahisi uliomwagwa Marekani miaka ya 1970 na 1980 uliuharibia jina mvinyo huu. Lakini wenyewe hawaunywi kwa kuogopa: huko Mantova wapo wanaoumimina ndani ya bakuli la supu ya moto na kuinywa hivyohivyo, mbele ya wageni, bila kumwomba mtaalamu yeyote ruhusa. Kuhusu kutuletea chupa zikiwa na joto la Dar es Salaam sitasema mengi; Lambrusco hunywewa baridi, basi.

Baadaye ukaja Barolo, fahari ya mkoa wa Piemonte, unaokaa angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mapipa ya mbao, na sikatai kwamba ni mvinyo mkubwa. Kijana akatusomea kwamba unanukia waridi na lami. Lami! Barabara ya mtaani kwetu ilipokuwa ikiwekwa lami tulifunga madirisha. Lakini kwa kuwa imeandikwa kwenye karatasi yake, lami ikawa sifa na zambarau ikawa ushamba. Hapo hakuna aliyecheka.

Nikamtazama mama yule. Aliinusa glasi yake kwa muda mrefu, akamwinamia mwenzake wa pembeni, akamnong'oneza neno moja, na wote wawili wakaangua kicheko cha chini chini. Ningetoa chupa nzima ya Barolo ule nilijue neno hilo.