Gari la Puto

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 na kuusukuma kando ule wa 8-4-4 tuliousomea sisi, mzazi wa Kenya hana tena jioni yake. Juzi mwanangu wa Gredi ya Sita alirudi na agizo kwamba kesho yake apeleke gari linaloendeshwa kwa puto, nalo liundwe kwa vifaa vinavyopatikana nyumbani. Ningependa mwalimu aliyeandika maneno hayo anionyeshe nyumba ambayo puto hukaa kabatini likisubiri kuitwa. Kwangu ilipatikana pakiti tupu ya maziwa na vifuniko vya plastiki vya chupa za soda. Mirija, vijiti vya mishikaki, selotepu na puto lenyewe vilipatikana dukani, kwa pesa za mboga.

Mtoto alinieleza, kwa upole wa mtu anayemhurumia mwanafunzi mzito, kwamba hewa ikisukumwa nyuma kutoka kwenye puto, nayo hulisukuma gari mbele kwa nguvu iyo hiyo, na kwamba hiyo ndiyo kanuni ya tatu ya Newton, iliyochapishwa mwaka 1687. Sina ugomvi na Newton, ila sidhani kama aliwahi kutoboa kifuniko cha soda kwa msumari wa moto saa nne za usiku. Tundu likienda upande kidogo tu, gurudumu huchechemea, na gari lote huzunguka pale pale kama matatu inayotafuta abiria. Puto nalo, lisipofungwa barabara kwenye mrija, huvuja kila mahali isipokuwa mahali panapotakiwa, tena kwa mlio usiofaa kusikika mama mkwe akiwa sebuleni, naye alikuwapo. Kufikia wakati huo mwenye kazi ya shule alikuwa amelala fofofo, na mama watoto alipita akaniuliza kama nami nimesajiliwa kwa mtihani.

Hatimaye, baada ya kupaka vijiti mafuta ya kupikia ili msuguano upungue, gari lilivuka sakafu ya saruji hadi mlangoni. Nilikwenda kulala kifua mbele.

Alasiri iliyofuata karatasi ilirudi na alama ya "kukaribia matarajio", na chini yake mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Bidii ya mtoto inaonekana. Mzazi naye ajitahidi kusaidia."