Guangzhou ina pa kukaa

Mama mdogo alimaliza manunuzi siku mbili kabla ya ndege yake. Mzigo ulishapimwa CBM, yaani ujazo wake kwa mita, umeingia stoo ya wakala hapa Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, na hela yake yote imegeuka mabegi ya kike na viatu vya watoto. "Mwanangu," akaniambia, "hii mara ya tatu nakuja China, sijaona kitu zaidi ya maduka. Nitembeze. Ila hela sina." Nami huu mwaka wa tano nafunga mizigo ya watu mji huu, mshahara wangu naujua mwenyewe. Nikamjibu twende tu, Guangzhou asiye na hela anatembea vizuri.

Na hiyo ndiyo hoja yangu. Wanaorudi nyumbani kutoka huku husimulia maghorofa na treni. Maghorofa hata Dar yapo, na treni ya umeme sasa tunayo, unatoka Dar mpaka Dodoma. Mimi ninachokionea wivu ni mabenchi.

Tulianzia bustani ya Yuexiu, kwa miguu. Getini hakuna tiketi, na mlinzi hakutuuliza tunakwenda kwa nani. Juu kilimani ipo sanamu ya mbuzi watano, maana kwa hadithi za hapa ndio waliokuja na masuke ya mpunga mji ukiwa na njaa. Mama mdogo akawatazama, akasema wamenona, basi. Kilichomshika ni mzee mmoja kivulini, ana brashi ndefu kama mti wa deki, ncha yake sponji, pembeni ndoo ya maji. Anachovya, anaandika Kichina sakafuni, herufi kubwa kama sahani. Kwa lile jua la saa nne, akifika mstari wa tatu wa kwanza umeshakauka. Hauzi chochote wala hana kibakuli cha sadaka. Alipotuona akaandika herufi mbili, akatunyooshea kidole: Feizhou, Afrika. Mama mdogo aliinama kuzitazama mpaka zikapotea.

"Sasa si anamaliza maji bure?"

Nikamwambia ndiyo raha yake, kila siku yupo. Wenzake walikuwa wanacheza karata, akina mama wamejipanga wanacheza muziki wa spika moja ndogo. Wote watu wazima waliostaafu, na hakuna aliyewaambia wanunue soda ili waendelee kukaa.

Halafu akataka choo. Vipo kila baada ya hatua, na ni bure. Karatasi ubebe mwenyewe, na ni vya kuchuchumaa, mambo ambayo kwetu si habari. Chupa ya maji nilishaiweka begini. Nyumbani ukiwa stendi unashika kwanza mia mbili mkononi ndipo unasogea mlangoni. Aliponiambia kwamba kwa miaka yote aliyouza Kariakoo, miguu ikiuma anakalia marobota yake mwenyewe, nilicheka, lakini hakuwa anatania.

Adhuhuri tuliswali pale lilipo kaburi linalosemekana ni la Saad bin Abi Waqas, sahaba wa Mtume. Wanahistoria wana mashaka kama kweli alifika China. Mama mdogo hana. Ijumaa pale utakuta Waafrika wengi kweli, ila siku ile palikuwa kimya, miti na mawe ya zamani. Tukala tambi za kuvutwa kwa mkono kwenye kimgahawa cha Waislamu, bakuli limejaa, tukashiba mpaka usiku.

Mchana tukapanda metro, nauli inaanzia yuan 2, kama shilingi mia saba hivi za kwetu, tukashukia Huangsha tuingie Shamian. Ni kisiwa kidogo ambacho Waingereza na Wafaransa walijimegea karne ya 19 baada ya vita vya kasumba. Majumba yao bado yapo, na katikati kuna njia pana yenye miti mikubwa na mabenchi. Mama mdogo alivua viatu. "Kama Posta ya zamani," akasema, "ila hawa wameacha miti."

Mtu ataniambia China ni tajiri, usitulinganishe. Haya. Benchi ni saruji na mbao, mwembe unajiotea wenyewe. Kila tukipanua barabara kinachoanza kuondoka ni mti, na aliyekuwa anapumzika chini yake tunamwita mzururaji. Bustani ya mimea ya Wajerumani pale mjini imebaki kipande, na wengi waliozaliwa Dar hawajawahi kuikanyaga. Bahari ndiyo inatuokoa, kwa kuwa haijengeki.

Usiku tukaenda kuangalia mnara wa Canton, mita 600, unabadilisha rangi kama kinyonga. Kupanda juu ni zaidi ya yuan 100 kwa kichwa. Tulikaa chini, ng'ambo ya mto, tukala mahindi ya kuchemsha ya bibi mmoja aliyening'iniza shingoni kikaratasi chenye vile vimraba vyeusi. Unapiga na simu, hela imeingia, hakuna makato. Kwa siku nzima, sisi wawili hatukufikisha yuan 70.

Treni ya kurudi ilijaa. Tulipata viti viwili, yeye katikati, mimi mwisho. Kiti cha upande wake wa pili kilikuwa wazi. Vituo vinapita, watu wanaingia, wanasimama wamebanana, wengine na mizigo mikononi, na kile kiti hakuna anayekikalia. Mama mdogo akaweka mkoba wake pale, akanyoosha miguu.

"Hawa watu wana adabu," akaninong'oneza. "Umeona wanavyompisha mtu mzima?"

Nikamwambia nimeona.