Mwandishi wa Kaunta Buku: Kuwapima kwa Haki Wanaojichapishia

Kila wanapokutana walimu wa fasihi, wahariri na wauza vitabu, kuna lalamiko moja ambalo halikosi kuzuka: kwamba waandishi wanaojichapishia wameishusha hadhi ya kitabu cha Kiswahili. Wanaolalamika si watu wa kubezwa. Wameona majalada yenye makosa ya tahajia katika jina la kitabu chenyewe, riwaya ambazo mhusika aliyezikwa katika sura ya tatu anakunywa chai katika sura ya tano bila maelezo yoyote, na diwani ambazo mizani yake inapwaya tangu ubeti wa kwanza. Hukumu yao ni kwamba aliyekosa mchapishaji hakumkosa bure, na kwamba anayetoa fedha zake mfukoni ili achapiwe kitabu amejinunulia jina la uandishi. Nimefanya kazi ya kuhariri miswada ya watu wa aina hii kwa miaka kadhaa. Kasoro wanayoiona ipo, nami sina nia ya kuificha, lakini naamini wamekosea kuhusu chanzo chake, na kosa hilo linawaumiza watu ambao fasihi yetu inawahitaji.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Mchapaji ni mwenye mitambo: unampelekea kazi na fedha, anakupa nakala zako. Mchapishaji ndiye anayechagua mswada, akaugharimia, akautafutia mhariri, msanifu wa jalada na soko. Mwandishi wa kujitegemea ni yule aliyekwenda kwa mchapaji moja kwa moja. Tukiangalia vizuri alichokiruka njiani, tutaona kwamba nambari ya ISBN anaweza kuipata mwenyewe katika Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, jalada atachorewa na kijana wa mtaani kwake, na wasomaji mara nyingi anawajua kuliko kampuni yoyote. Anachokosa hasa ni mhariri. Kwa hiyo tunapomlaumu kwamba hakupita kwa mchapishaji, tunalaumu pengo la mtu mmoja kana kwamba ni pengo la kipaji.

Ipo pia dhana, isiyosemwa wazi lakini inayosikika katika lawama hizo, kwamba mwandishi halisi ni mtu aliyesomea uandishi na anayeishi kwa kalamu, na kwamba dereva, muuguzi au muuza samaki anayeandika usiku ni mtu anayejaribu bahati yake. Historia ya lugha hii haikubaliani na dhana hiyo hata kidogo. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha, na alitumia sehemu kubwa ya maisha yake katika ofisi za serikali ya kikoloni. Mathias Mnyampala wa Dodoma alikuwa mwalimu, karani na liwali. Muhammad Kijuma wa Lamu alichonga mbao, alipiga ala, alitunga, na alinakili tendi kwa mkono wake kwa ajili ya waliomwagiza, kiasi kwamba sehemu ya hazina ya tendi tunayoisoma leo imepita chini ya kalamu ya fundi wa kuchonga. Haji Gora Haji alizaliwa Tumbatu mwaka 1933, akasoma chuoni kwa maana ya zamani, yaani chuo cha Kurani, akaishi kwa uvuvi, ubaharia na uchukuzi huku akivitungia nyimbo vikundi vya taarabu. Diwani yake ya Kimbunga ilipotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1994, alikuwa amekwisha kuvuka miaka 60. Naye Mwana Kupona binti Msham alipotunga utendi wake mwaka 1858 alimkusudia msomaji mmoja tu, binti yake. Kwa vipimo vya leo tungesema kazi hiyo haina soko.

Hata hivyo, mfano unaonisumbua kuliko yote ni wa Aniceti Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896, akakulia Ukerewe karibu na boma la mtemi aliyekuwa ndugu yake, akasomeshwa na wamisionari hadi seminari ya Rubya, akajua Kilatini na Kijerumani, kisha akarudi kuishi kisiwani. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu kuhusu Myombekere na Bugonoka, mume na mke wanaopendana lakini hawapati mtoto anayeishi. Kitereza na mkewe walikuwa wamezika watoto wao wote. Anapoeleza jinsi mume anavyohangaika kutafuta pombe ya ndizi ya kuwapelekea wakwe ili arudishiwe mkewe, au dawa zinavyochimbwa na kuchemshwa, msomaji anahisi kwamba mwandishi hakuyatafuta mambo hayo maktaba. Kikerewe, hata hivyo, kilionekana kuwa na wasomaji wachache mno, na mswada ukakosa wa kuuchapisha. Mwandishi mwenyewe, akiwa mtu mzima, akaifasiri kazi yake yote kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Kutoka mwaka 1945 hadi mwaka 1980 ni miaka 35. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi, kwa sababu naona tunaipita haraka mno. Katika muda huo Tanganyika ilipata Uhuru, Muungano ukafanyika, Azimio la Arusha likatangazwa, vita vya Kagera vikapiganwa na kwisha, na wakati wote huo riwaya ambayo sasa inahesabiwa miongoni mwa kazi kubwa kabisa za nchi hii ilikuwa mswada. Mtoto aliyezaliwa mwaka ilipokamilika angeweza kuwa na watoto wake wa shule kabla hajaiona dukani. Tena huyu alikuwa mtu aliyejua lugha za Ulaya na aliyekuwa na mapadri wa kumsemea. Miaka 35 ndiyo muda aliosubiri mwenye bahati. Je, aliyekuwa na daftari la namna hiyo lakini hakuwa na padri wala Kilatini alisubiri muda gani? Hesabu tulizonazo zinatoka kwa waliofika, na wale waliofariki wakiwa bado wanangoja hawamo ndani yake. Ndiyo maana nashindwa kukubali kwamba kukosa mchapishaji ni ushahidi wa kukosa thamani.

Wenye hoja ya kwanza wana jibu hapa, na ni jibu zito. Watasema kwamba aliyeikoa kazi ya Kitereza mwishoni alikuwa mchapishaji, tena shirika la umma lililokubali kubeba riwaya nene ambayo mzee wa kijijini asingeweza kuigharimia hata kama angeuza mifugo yake yote. Hilo ni kweli. Watasema pia kwamba mchapishaji anayekataa miswada tisa ili atoe mmoja anamsaidia msomaji mwenye fedha za kununua kitabu kimoja kwa mwaka, kwa kuwa mzazi aliyeuziwa kitabu kibovu leo hatarudi tena kesho, hata kwa mwandishi mzuri. Hoja hii ya mwisho naiheshimu sana, nami sijawahi kupata jibu lake la kuridhisha. Ninachoweza kusema ni kwamba mchapishaji wetu wa leo hachagui kwa ubora peke yake. Kampuni nyingi zimeishi kwa vitabu vya shule, na tangu Serikali ya Tanzania ilipoikabidhi Taasisi ya Elimu kazi ya vitabu vya kiada, nafasi ya kubahatisha na riwaya ya mtu asiyejulikana imezidi kuwa finyu. Katika hali hiyo mswada mzuri na mswada mbaya hurudishwa kwa barua ileile.

Tukumbuke vilevile kwamba kujichapishia hakukuanza na simu za mkononi. Elvis Musiba na Ben Mtobwa, ambao riwaya zao za kusisimua zilisomwa mabasini na mabwenini hadi zikachanika, walifikia hatua ya kuwa na kampuni zao wenyewe za kuchapisha. Kenya, Gakaara wa Wanjau, aliyekaa kizuizini miaka ya Mau Mau, aliandika kwa Kikuyu na kuendesha kiwanda chake cha uchapaji Karatina, kisha shajara yake ya kizuizini ikapata Tuzo ya Noma, iliyokuwa ikitolewa kwa vitabu vilivyochapishwa Afrika, mwaka 1984. Wasomi waliozipuuza riwaya pendwa wakati ule sasa wanasimamia tasnifu zinazozichambua.

Miaka michache iliyopita nililetewa mswada wa mama mmoja anayeanika dagaa katika mwalo, yaani mahali mitumbwi inaposhushia samaki, kwenye Ziwa Victoria. Ulikuwa umeandikwa kwa mkono katika kaunta buku mbili, na pembeni mwa kurasa kadhaa kulikuwa na hesabu za magunia na majina ya wanaodaiwa. Nilipofika sura ya nne nilishangaa kuona kila mhusika amefilisika ghafla: duka linafungwa mapema, harusi inaahirishwa, mume na mke wanagombana kwa sababu ya sabuni. Niliweka alama ya swali nikidhani ni kasoro ya msuko. Tulipokutana nikamuuliza sababu, akaniangalia kwa mshangao mkubwa kuliko wangu.

“Mwalimu, si ni mbalamwezi? Mbalamwezi nani ana hela mwaloni?”

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauwavuti, mitumbwi inakaa ufukweni, na mji mzima unaishi kwa mkopo hadi giza lirudi. Katika riwaya ile mapenzi, madeni na hata misiba vilikwenda kwa mwezi, na mwandishi hakuona haja ya kueleza kwa sababu kwake jambo hilo ni la kawaida kama jua kuchomoza. Yeye mwenyewe alikuwa akiandika siku hizohizo za mbalamwezi, kwa kuwa hakukuwa na dagaa wa kuanika. Sijui mwandishi wa kazi ya ofisini, hata awe hodari kiasi gani, ambaye angeubuni mpango huo wa wakati. Tuliongeza sentensi mbili tu mwanzoni mwa sura, na sura ikasimama.

Lakini haki inanitaka niseme pia yaliyobaki. Mswada huohuo ulikuwa na mhusika aliyebadilika jina katikati bila mwandishi kujua. Mazungumzo marefu ya kanisani yalirudia mambo ambayo msomaji alikuwa ameyajua tayari, na mwisho wa hadithi ulikuja kwa ajali ya gari ambayo haikuwa na mzizi wowote. Kama asingempata mtu wa kuusoma kwa penseli mkononi, kitabu kingetoka na kasoro hizo zote, na mwalimu wa fasihi angekishika kwa ncha za vidole na kusema ndicho alichokuwa akikieleza. Angekuwa sahihi kuhusu kitabu, na angekuwa amekosea kuhusu mwandishi.

Tuzo zilizoanzishwa miaka ya karibuni zimelitambua jambo hili kwa kiasi fulani. Ile ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na baadaye kuitwa Safal-Cornell, imekuwa ikipokea miswada ambayo bado haijachapishwa, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, imempa mwandishi asiye na kampuni mahali pa kusomwa na majaji. Ni hatua kubwa, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo tuzo humchagua mshindi miongoni mwa miswada iliyokwisha kukomaa; haiukomazi mswada wenyewe. Mtu wa kaunta buku anahitaji kwanza wa kumchapia kwa kompyuta, kisha wa kumhariri, na huduma hizo mbili zina bei ambayo kwake ni sawa na mtaji wa msimu. Kama maktaba za mikoa zingekuwa na mhariri mmoja anayepokea miswada ya wakazi kwa siku maalumu, kama daktari anavyopokea wagonjwa wa kliniki, nadhani lalamiko nililoanza nalo lingepungua kuliko litakavyopungua kwa kuwakemea waandishi.

Mama yule alichapa nakala 300 kwa fedha za dagaa. Mchapaji alikosea: katika sehemu ya nakala hizo, ukurasa wa 33 hadi wa 48 ulijirudia na ukurasa wa 49 hadi wa 64 haukuwamo. Aligundua baada ya kuuza nakala nyingi. Alipiga fotokopi kurasa zilizokosekana, akazibana kwa pini, akafungua daftari lake la madeni ambamo alikuwa ameandika jina la kila aliyechukua kitabu na kisiwa anachoishi, akaanza kuwapelekea mmoja mmoja kwa mitumbwi ya abiria. Nilipompigia simu mwezi uliofuata alikuwa amebakiza wasomaji 11, wote wa kisiwa kimoja, na alikuwa akisubiri mbalamwezi ili apate nafasi ya kuvuka.