Mafundi, acheni kuzima masasisho ya kompyuta za watu

Hii tabia ya kuzima Windows Update kila mnapopiga Windows upya inakera sana. Mwenye steshenari pale Mwanjelwa analalamika bando linaisha, basi fundi anaingia Services, sehemu ya Windows ya kuwasha na kuzima huduma zake, anaweka Disabled (imezimwa), anachukua hela yake na kuondoka. Kuanzia hapo mashine inayopokea flashi za watu kutwa nzima inabaki na matundu yaleyale ya usalama, mwaka hadi mwaka.

Mnakumbuka WannaCry, ile programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia? Kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu ililopitia, kilitoka tarehe 14 Machi 2017. Shambulio likaja 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, likafunga mafaili hadi ya hospitali za Uingereza. Kiraka kilikuwepo muda wote huo!

Bando ni kilio cha kweli, sibishi. Lakini dawa ipo: kwenye mipangilio ya Wi-Fi washa Metered connection, na Windows itaacha kushusha mengi yenyewe. Halafu kila mwezi, baada ya Jumanne ya pili ambayo Microsoft hutoa viraka, zima hiyo Metered connection, nunua bando la usiku, shusha vyote. Mashine inajizima na kuwaka katikati ya kuchapa barua ya mteja? Weka Active hours, yaani muda wa kazi ambao Windows haitajizima na kujiwasha yenyewe ili kusasisha; zinafika hadi saa 18 kwa siku. Na kwa umeme wetu huu unaokatika mvua ikianza tu, kompyuta ya mezani isisasishwe bila UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, maana ikizimika katikati inaweza kugoma kuwaka.