Ukiulizwa "waendeleaje?", usijibu "Alhamdulillahi"

Kwetu Tanga mgonjwa akiulizwa "waendeleaje?", hata kama hakulala usiku kucha, hujibu "Alhamdulillahi, nafuu." Uingereza adabu hiyo humkosesha mtu posho ya ulemavu, ile PIP (Personal Independence Payment).

Wengi hudhani cheti cha daktari chenye jina la ugonjwa kinatosha. Hakitoshi. Kinachopimwa ni shughuli: kumi za maisha ya kila siku, mbili za kwenda na kutembea. Alama 8 upande mmoja hukupa kiwango cha kawaida cha posho, 12 cha juu. Tuchukue kupika. Swali si kama wajua kupika pilau, ni kama waweza kumenya, kukata na kupika chakula chepesi cha mtu mmoja. Anayemudu kwa maikrowevu tu hupata alama 2, anayehitaji msimamizi au msaidizi 4, asiyeweza kabisa 8. Na huko "kuweza" kuna masharti: uwe salama, chakula kilike, urudie kila inapohitajika, tena usitumie zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu mzima wa afya. Ukipika wali leo kisha maumivu yakakulaza kesho siku nzima, hujaweza. Ukiandika "napika" kwenye fomu ukaishia hapo, umejimaliza mwenyewe.

Kutembea ni vilevile. Mita 20 ni kama mabasi mawili yaliyofuatana pale stendi ya Kange. Asiyezimaliza kwa masharti hayohayo ana 12.

Ninapogombana na Wizara ya Kazi na Pensheni, inayotoa posho hii, ni kwenye muda wa kupewa posho. Mtathmini hupendekeza tu, mwamuzi wa wizara ndiye anayekata. Anayetazamiwa kupata nafuu hupewa hadi miaka 2. Ambaye hali yake haitabadilika huachwa kama miaka 10 kabla ya kupitiwa tena. Katikati hapo ni kubahatisha. Basi mwombe daktari aandike hali itakwendaje, asiishie kwenye jina la maradhi. Ukinyimwa, una mwezi mmoja kuomba uamuzi utazamwe upya, ndipo uende baraza la rufaa.

Nyumbani tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, na asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri wanayotengewa watu wenye ulemavu. Lakini huo ni mkopo, hurudishwa. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, nayo hutazama umaskini wa kaya. Nani anauliza dada mtu anatumia saa ngapi kumwogesha nduguye?

Mwenye viza inayomzuia kutumia fedha za umma asiiguse fomu ya PIP kabla ya kumwona mwanasheria.